Pikapu Ikizimika Njiani



Simama kando ya barabara pale Tengeru siku ya soko, asubuhi na mapema. Utaziona pikapu zikiteremka kutoka vijiji vya mlima Meru. Moja imebeba ndizi. Nyingine imebeba kabichi na karoti. Nyingine imejaa madebe ya maziwa. Jioni pikapu hizo hizo hupanda na mbolea, mabati, saruji na pumba ya mifugo. Usiku, mtu akiugua ghafla, pikapu huwa gari la wagonjwa. Humpeleka mgonjwa Hospitali ya Nkoaranga, au humfikisha Hospitali ya Mount Meru jijini Arusha.

Kwa hiyo pikapu ikizimika njiani, hasara si ya mwenye gari peke yake. Maziwa yanaganda. Kabichi zinafika sokoni wanunuzi wamekwisha kuondoka. Mgonjwa anazidiwa.

Gari likizimika, watu hukusanyika. Kila mmoja ana dawa yake. Huyu anasema, "Betri hiyo!" Yule anasema, "Si betri, ni pampu!" Wa tatu anasema, "Badilisha plagi tu." Mwenye gari ananunua betri. Kesho ananunua plagi. Keshokutwa ananunua pampu. Fedha ya kahawa inakwisha na gari bado limelala. Mwishowe fundi anafika, anakaza waya mmoja uliolegea, na gari linawaka.

Somo letu ni hili: tafuta kwanza, nunua baadaye. Gari bovu hutoa dalili kama mgonjwa. Mtu akijua kuziangalia dalili kwa utaratibu, mara nyingi ataupata ubaya bila kununua kitu. Na asipoweza kuutengeneza mwenyewe, atajua la kumwambia fundi.

1. KWANZA LINDA WATU

Kabla ya kufikiri juu ya injini, fikiri juu ya watu.

Injini ikizima gari likiwa katika mwendo, mambo mawili hubadilika. Usukani unaweza kuwa mzito. Breki nazo huwa ngumu. Sababu yake ni kwamba katika magari mengi injini husaidia mguu wa dereva kukanyaga breki. Injini ikizima, msaada uliobaki ni wa kukanyaga mara moja au mbili tu. Ukikanyaga na kuachia, ukakanyaga na kuachia, msaada huo utakwisha. Breki bado zitakuwepo, lakini zitadai nguvu zako zote.

Basi fanya hivi:

Kanyaga breki mara moja kwa nguvu, na uendelee kuikanyaga. Usiipampu.

Usichomoe ufunguo gari likiwa bado linakwenda. Ukiuchomoa, usukani unaweza kujifunga, na gari litakwenda linakotaka.

Lipeleke gari kushoto, nje ya barabara. Washa taa za hazadi. Vuta breki ya mkono. Ingiza gia: namba moja kama pua ya gari inatazama juu, au gia ya kurudi nyuma kama inatazama chini.

Weka mawe kwenye magurudumu. Weka pembetatu nyuma ya gari, hatua 50 au zaidi, ili anayekuja aione mapema. Karibu na kona, iweke kabla ya kona.

Shusha abiria wote. Wakae upande wa shamba, wasikae barabarani wala nyuma ya gari.

Wewe unayepita barabara za mlimani usiyaone haya kuwa maneno ya kitabuni tu. Tarehe 24 Februari 2024, eneo la Kibaoni, Ngaramtoni, lori lililokosa breki liliyagonga magari mengine. Watu 25 walikufa. Barabara ya mteremko haimsubiri dereva ajifunze pale pale.

Jambo moja zaidi. Ukiondoka, yatoe mawe uliyoyaweka. Jiwe lililoachwa barabarani litamwangusha mwenye pikipiki usiku.

2. INJINI INATAKA NINI?

Fikiri juu ya jiko la kuni. Ili moto uwake, unahitaji vitu vitatu: kuni, hewa na kiberiti. Kimoja kikikosekana, hakuna moto. Ukiwa na kuni na kiberiti lakini umelifunika jiko, halitawaka. Ukiwa na hewa na kuni lakini huna kiberiti, utakaa na njaa.

Injini ni vivyo hivyo. Kuni zake ni petroli au dizeli. Hewa huingia kupitia chujio. Kiberiti chake ni tofauti kwa kila aina ya injini.

Katika injini ya petroli, kiberiti ni plagi. Betri ina umeme wa volti 12. Koili huuzidisha umeme huo ukawa volti maelfu mengi. Umeme huo huruka kwenye ncha ya plagi, ukatoa cheche. Cheche hiyo ndiyo huwasha petroli.

Injini ya dizeli haina plagi za cheche. Yenyewe hubana hewa kwa nguvu sana, mpaka hewa inakuwa ya moto mkali. Kisha nozeli hupuliza dizeli kama ukungu, nayo huwaka yenyewe. Jina dizeli limetokana na Rudolf Diesel, Mjerumani ambaye injini yake ilifaulu majaribio mwaka 1897.

Kuna jambo la nne. Injini haiwezi kuanza peke yake. Lazima izungushwe. Zamani dereva au utingo aliizungusha kwa hendeli ya chuma mbele ya gari. Hendeli hiyo ilivunja mikono mingi. Leo kazi hiyo hufanywa na stata, nayo hupata nguvu kutoka kwenye betri.

Kumbuka basi maneno manne: kuzunguka, mafuta, moto, hewa. Ubaya wa gari lililozimika kwa kawaida umo katika mojawapo ya hayo manne. Kazi yako ni kuuliza moja baada ya jingine.

3. JIULIZE: LILIZIMIKAJE?

Dereva aliyekuwa kwenye usukani ndiye shahidi wa kwanza. Kabla hujafungua boneti, kumbuka yaliyotokea.

Je, lilizimika ghafla, kama mtu aliyezima taa? Hapo shuku umeme: waya, fyuzi, koili au swichi.

Je, lilikohoa kwanza, likashtuka-shtuka, likapoteza nguvu, ndipo likazima? Hapo shuku mafuta.

Je, lilianza kudhoofika siku nyingi, likitoa moshi mweusi na kula mafuta mengi? Shuku hewa, yaani chujio lililojaa vumbi.

Je, mshale wa joto ulipanda, au taa nyekundu ya oili iliwaka, au ulisikia kishindo? Je, lilizima katikati ya maji ya korongo? Simama hapo. Usiwashe tena. Soma kwanza sehemu ya 8.

4. GEUZA UFUNGUO, KISHA SIKILIZA

Sasa geuza ufunguo. Tazama taa za dashibodi na usikilize. Utaona mojawapo ya hali tatu.

Hali ya kwanza: kimya kabisa. Taa za dashibodi haziwaki, wala honi hailii. Umeme haufiki. Fungua boneti utazame betri. Shika vichwa vya nyaya ujaribu kuvizungusha kwa mkono. Kichwa kikicheza, umempata mwizi. Barabara za mawe hulegeza vichwa hivi mara kwa mara. Fuata pia waya mweusi unaokwenda kwenye bodi na kwenye injini. Ukilegea au ukishika kutu mwisho wake, gari zima hufa. Mwisho tazama fyuzi kubwa iliyo karibu na betri.

Hali ya pili: taa zinawaka, lakini stata inalia "tik", au inazunguka kwa uvivu. Washa taa kubwa, kisha jaribu kuwasha gari. Taa zikififia sana, betri ni dhaifu au vichwa vyake ni vichafu. Taa zikibaki na nguvu na stata haisogei, ubaya huenda uko kwenye stata au waya wake.

Hali ya tatu: injini inazunguka vizuri, lakini haiwaki. Hapo usiilaumu betri wala stata. Vimefanya kazi yake. Tafuta mafuta, moto na hewa.

Usishikilie ufunguo muda mrefu. Jaribu kwa sekunde 10 tu, kisha pumzisha stata kwa dakika moja. Ukilazimisha, utachoma stata na kumaliza betri. Utakuwa na magonjwa matatu badala ya moja.

5. BETRI

Unga mweupe au wa kijani kwenye vichwa vya betri huzuia umeme. Kuusafisha si kazi ya gharama. Zima gari. Fungua kwanza waya wa kutoa, wenye alama ya –. Kisha fungua wa kujumlisha, wenye alama ya +. Chukua magadi, yale yale ya kupikia makande, uyayeyushe kwenye maji ya moto. Mwagia kidogo kwenye vichwa, sugua kwa brashi, kisha suuza kwa maji safi. Magadi hupunguza ukali wa tindikali ya betri. Angalia yasiingie ndani ya betri, maana huko yataiharibu. Ukirudisha nyaya, anza na + umalizie na –. Kaza barabara.

Betri nzima iliyotulia huonyesha karibu volti 12.6 kwenye kipimo cha fundi. Ikionyesha chini ya 12, iko karibu tupu. Injini ikiwaka, kipimo kionyeshe karibu volti 14. Kisipopanda, altaneta haichaji, au mkanda wake umelegea au umekatika. Ukinunua betri mpya katika hali hiyo, nayo itakufa baada ya safari chache. Ndiyo maana tunasema: tafuta kwanza, nunua baadaye.

Betri hutoa hewa inayolipuka. Usivute sigara wala kuwasha kiberiti karibu nayo. Usiku tumia tochi. Tindikali ikikurukia machoni, osha kwa maji mengi safi kwa muda mrefu, kisha nenda hospitali.

Ukitaka kusukuma gari lenye betri dhaifu, chagua mahali tambarare. Washa swichi, kanyaga klachi, ingiza gia namba mbili. Gari likishika mwendo, achia klachi ghafla. Kusukuma kunafaa gari la gia za mkono, na ambalo ubaya wake ni betri au stata. Gari lisilo na mafuta utalisukuma mpaka Usa River bila faida. Wala usilisukumie kwenye mteremko mkali. Kumbuka tulivyosema: injini iliyozima haisaidii breki.

6. MAFUTA

Swali la kwanza ni rahisi, na watu wengi huona haya kuliuliza: je, mafuta yamo?

Mshale wa mafuta unaweza kusema uongo, hasa mlimani. Ndani ya tanki kuna bomba la kunyonya mafuta. Mafuta yakiwa kidogo na gari likipanda mteremko mkali, mafuta hukimbilia upande mmoja wa tanki. Bomba linabaki likinyonya hewa. Gari linazima mlimani, na ukilirudisha tambarare linawaka. Usipande kwenda kijijini na tanki linalokaribia kukauka.

Swali la pili: je, tanki linapumua? Mafuta yakitoka, lazima hewa iingie kuchukua nafasi yake. Tundu la hewa likiziba kwa tope, gari litakwenda kilomita kadhaa, litazima, litapumzika, kisha litawaka tena. Fungua kifuniko cha tanki. Ukisikia hewa ikiingia kwa nguvu, "fuuu", safisha au badilisha kifuniko hicho.

Swali la tatu: je, chujio ni safi? Mafuta yaliyokaa kwenye madumu na mapipa hushika maji na uchafu. Maji ni mazito kuliko petroli na dizeli, hivyo hukaa chini. Pikapu nyingi za dizeli zina chujio lenye koki chini yake. Ifungue kidogo juu ya kopo. Maji yatatoka kwanza, kisha dizeli safi. Funga.

Swali la nne ni la dizeli tu: je, hewa imeingia kwenye mabomba? Dizeli ikiisha kabisa, kuongeza mafuta peke yake hakutoshi kwa magari mengi. Lazima hewa itolewe. Juu ya chujio mara nyingi kuna pampu ndogo ya mkono. Ibonyeze mara nyingi mpaka iwe ngumu, kisha washa. Usifungue mabomba ya nozeli wala kuweka kidole mbele yake. Dizeli hutoka huko kwa nguvu ya kutoboa ngozi na kuingia mwilini. Kidonda chake huonekana kidogo kama cha sindano, lakini kinaweza kuua mkono. Kimbilia hospitali.

Swali la tano ni la pikapu mpya za petroli: je, pampu ya umeme inafanya kazi? Katika magari mengi ukifungua swichi utasikia pampu ikivuma kidogo upande wa tanki. Isipovuma, tazama fyuzi yake. Fyuzi ikiwa imekatika, weka nyingine yenye namba ile ile. Usiweke waya wala karatasi ya sigara. Fyuzi hukatika ili gari lisiungue. Ukiizuia, moto utatafuta njia nyingine.

Sasa sikia onyo juu ya petroli. Usiinyonye kwa mdomo. Ikiingia mapafuni inaweza kuua. Usiiweke kwenye chupa ya soda, maana mtoto ataiona kuwa kinywaji. Usiimwage karibu na injini yenye joto. Mvuke wa petroli hauonekani, lakini hutambaa chini na kutafuta moto. Tarehe 10 Agosti 2019, lori la mafuta lilipinduka Msamvu, Morogoro. Watu wakaenda kuchota petroli iliyomwagika. Ukatokea moto. Zaidi ya watu 100 walipoteza maisha.

7. MOTO NA HEWA

Injini ya petroli ikizunguka vizuri na mafuta yakiwa yanafika, tafuta cheche.

Kwa pikapu za zamani zenye distribyuta, adui wa kwanza ni unyevu. Wakati wa masika, kuanzia Machi hadi Mei, maji ya madimbwi hurukia nyaya za plagi. Umeme hupotea njiani kabla ya kufika kwenye plagi. Zima swichi. Fungua kifuniko cha distribyuta, kifute kwa kitambaa kikavu, na ukaushe nyaya. Rudisha kila waya mahali pake. Ukichanganya nyaya mbili tu, gari halitawaka au litapiga milipuko. Afadhali uzifute moja moja.

Adui wa pili ni koili iliyochoka. Koili hiyo hufanya kazi ikiwa baridi. Ikipata joto inakata moto ghafla. Ukingoja nusu saa, gari linawaka kana kwamba halikuwa na shida. Dereva hufurahi na kuendelea na safari. Usifurahi. Ugonjwa unaokuja na kuondoka bado ni ugonjwa. Mwambie fundi: "Linazima likipata joto, linawaka likipoa."

Katika magari mapya, kazi ya distribyuta hufanywa na kompyuta ya gari pamoja na sensa. Sensa ya krenki ikifa, injini huzima ghafla na haina cheche. Hapo usichomoe nyaya za plagi kujaribu cheche. Unaweza kupigwa na umeme mkali, na unaweza kuua kompyuta. Mwachie fundi mwenye kipimo. Wewe tazama tu kama taa yenye picha ya injini, au ya ufunguo, inawaka kwenye dashibodi.

Dizeli haina cheche, lakini nyingi zina hita. Mwezi wa Juni na Julai, asubuhi ni baridi sana vijijini kwetu. Fungua swichi, ngoja taa ya hita izime, ndipo uwashe. Tena, dizeli nyingi zina kifaa cha umeme kinachofungua njia ya mafuta kwenye pampu. Waya wake mwembamba ukichomoka, gari huzima papo hapo. Tazama waya huo kabla ya kumlaumu mtu wa sheli.

Ama kuhusu hewa, anayekwenda Oldonyo Sambu wakati wa kiangazi anajua vumbi lilivyo. Toa chujio la hewa, uligonge taratibu, ulitazame kwenye jua. Mwanga usipopita, badilisha. Usiendeshe bila chujio. Vumbi letu ni la udongo wa volkano, na hula injini kama msasa.

8. WAKATI WA KUTOLAZIMISHA

Kuna nyakati ambapo kujaribu kuwasha ndiko kunakoharibu.

Injini ikichemka, zima. Usifungue kifuniko cha rejeta. Maji yaliyo ndani yamebanwa, nayo yatakurukia usoni. Ngoja mpaka uweze kuigusa rejeta bila kuungua. Kisha fungua polepole ukitumia kitambaa.

Taa ya oili ikiwaka njiani, zima mara moja. Pima oili kwa kijiti. Injini isiyo na oili huweza kunoki katika dakika chache.

Gari likizimikia ndani ya maji, usiwashe. Maji yakiingia kwenye silinda hayabanwi kama hewa. Ukizungusha injini, vyuma hupinda. Afadhali livutwe. Na maji ya korongo yakiwa yanakwenda kwa kasi, acha gari, okoa watu. Gari hununuliwa.

Na ikiwa injini inazunguka kwa wepesi usio wa kawaida, huenda mkanda wa taimingi umekatika. Acha kujaribu. Katika injini nyingi valvu na pistoni hugongana. Baadhi ya pikapu za Toyota za dizeli zina taa ya T-BELT kwenye dashibodi. Taa hiyo husema mkanda umefikia kubadilishwa. Usiifunike kwa gundi.

9. MWELEZE FUNDI VIZURI

Ukishindwa, mwite fundi. Lakini maneno yako yatamsaidia au yatampoteza. Sikiliza mazungumzo haya.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba, kijana wangu. Gari limefanyaje?"

"Betri imekufa, mzee. Niletee nyingine."

Fundi akisikia hivyo, ataleta betri kutoka mjini. Huenda asilete kitu kinachotakiwa. Sasa sikiliza dereva mwingine.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Gari limefanyaje?"

"Nilikuwa napandisha Nkoaranga. Lilikohoa mara tatu, likazima. Stata inazunguka vizuri na taa zina nguvu. Ni dizeli. Mafuta yamo nusu tanki. Nimefungua koki ya chujio, yametoka maji mengi. Nimepampu mkono, haukuwa mgumu."

"Vizuri sana. Hewa inaingia mahali. Usiguse tena, nakuja na chujio na vibano."

Dereva wa pili hakutengeneza kitu. Lakini amemwokolea mwenye gari safari mbili za fundi na bei ya betri. Tena kifaa cha zamani kikitolewa, omba ukione. Fundi mwema hatakasirika.

Kazi hii ina elimu yake. Chuo cha Ufundi Arusha kilianzishwa mwaka 1978 kwa msaada wa Ujerumani. Kijana wa kijiji chenu anayependa injini asikae gereji kubahatisha tu. Akasome pia.

10. KINGA

Kila wiki, kabla ya siku ya soko, tumia muda mfupi kuangalia haya: oili, maji ya rejeta, vichwa vya betri, mkanda wa altaneta, kifuniko cha tanki, breki na magurudumu. Ndani ya gari weka pembetatu, jaki, spana, bisibisi, tochi, kitambaa kikavu, fyuzi za akiba, dumu la maji safi na vigingi viwili vya mbao vya kuzuia magurudumu. Mwenye vigingi hahitaji kuokota mawe gizani.

Andika pia kwenye daftari siku uliyobadilisha oili, chujio na mikanda, pamoja na namba ya kilomita. Hapa ndipo kusoma na kuandika kunapookoa fedha. Kichwa husahau, daftari halisahau.

MASWALI YA KUZUNGUMZIA DARASANI

1. Kwa nini breki huwa ngumu injini ikizima? Dereva afanye nini?

2. Taja mambo manne ambayo injini inayataka ili iwake.

3. Pikapu ya petroli imezima ghafla. Stata inazunguka vizuri. Je, utanunua betri? Toa sababu.

4. Gari linazima kila baada ya kilomita chache, kisha linawaka likipumzika. Taja mambo mawili utakayochunguza.

5. Ni wakati gani hatupaswi kujaribu kuwasha injini?

6. Je, kijijini kwenu ni gari la nani hubeba wagonjwa usiku? Nani huliangalia kabla halijaharibika? Zungumzeni mpange la kufanya.